Mwenyeji wa Mashine

Fundi hakupenda maswali. Ukimuuliza alizaliwa wapi, aliitazama bisibisi iliyo mkononi mwake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa, kisha akakuambia chai inapoa. Kwa hiyo sijui alizaliwa wapi, wala watu wake ni akina nani, wala kilichomleta Kayanga. Nilipoanza kuwa na kumbukumbu alikuwapo tayari, katika chumba cha mwisho cha ofisi ya mradi wa visima, chumba chenye dirisha linalotazama migomba. Jina alikuwa nalo. Sisi tulimwita Fundi, na hata mkewe, aliyeuza vitenge sokoni, akimfuata ofisini aliuliza, "Fundi yumo?"

Mama yangu alikuwa katibu muhtasi wa mradi huo. Meza yake ilikuwa katika chumba cha mbele, na kompyuta iliyokuwa juu yake ndiyo ya kwanza niliyoiona maishani. Nasema haya mapema ili ieleweke nilimjuaje Fundi, na kwa nini bado ninamwandika mtu ambaye kwa muda mrefu sikujua kama ninamchukia.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele kwa kuinamia vitu vya watu. Kabla ya kompyuta alitengeneza redio, na taipureta za shule na za mahakama, tangu wakati wa vita vya Amin ambapo kila nyumba ilitaka redio yake iseme. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na kovu jeupe la chuma cha kulehemia. Mfukoni mwa shati alibeba akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa tunazotafuna kwetu, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Aliyeingia chumbani mwake, awe dereva au padri, alipewa buni kwanza.

"Mtu katoka Ihanda kwa baiskeli," alikuwa akisema, "jasho linamtiririka, wewe unamuuliza habari za huko. Mwache atafune kwanza."

Hivyo ndivyo alivyotaka kompyuta nazo zipokewe. Zilikuja kwa lori kutoka Bukoba, zimeshatumika huko Ulaya na kutolewa msaada, na kila moja ilikuwa mgeni asiyejua amefika wapi. Wakati ule huwezi kuiwasha mashine ukaanza kuandika barua. Unaingiza disketi moja baada ya nyingine, na kwa kila disketi mashine inauliza. Hii ni nchi gani. Kibodi ni ya lugha gani. Tarehe iandikweje. Printa ni ipi. Ukikosea jibu moja, unarudi mwanzo, na jenereta inakunywa dizeli. Mashine zilizotoka kwa Wajerumani zilikuwa na herufi Z na Y zilizobadilishana mahali, na katibu wa Nkwenda, ambaye hakutazama skrini kwa sababu alifundishwa kutotazama, alituma barua za mwaliko vijiji vyote zilizoanza na maneno "Kwa wayee wa baraya." Wazee walikuja. Mmoja alimuuliza Fundi kama hilo ni kabila jipya. Fundi alimpa buni.

Kabla yake palikuwa na mhasibu aliyejua mashine. Alipokufa, kompyuta ya mradi ilikaa msimu mzima imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu majibu yote yalikuwa kichwani mwake. Miaka ile watu walikuwa wanakufa Karagwe, na Kagera nzima. Siandiki hili kwa kilio. Ilikuwa kama mvua za masika, unajua tu kwamba zitanyesha. Seremala wa Ndama aliacha kutengeneza vitanda akawa anatengeneza majeneza tu. Ofisini viti vilibadilisha watu. Ukienda likizo, ukirudi ulimkuta mtu mwingine akinywea kikombe chako, na hukuuliza.

"Sitaki kufa na majibu," Fundi alimwambia mama siku moja. Nilikuwa chini ya meza ya mama nikichezea vifuniko vya kalamu.

"Kwani unakufa, Fundi?"

"Nani hafi, Mama Koku? Nikienda leo, nani anajua printa ya Kaisho inataka nini?"

"Inataka mume," mama alisema, na wote wawili wakacheka.

Akaandika majibu yake yote kwenye disketi moja, mstari kwa mstari, kwa mfuatano ule ule ambao mashine ingeuliza. Akaipa jina la Mwenyeji. Unaichomeka, unaiwasha kompyuta, unakunja mikono. Mwenyeji alianza kwa kufuta kila kitu kilichokuwamo, maana mashine zile zilikuja zimejaa mambo ya wenyewe. Kisha aliweka programu ya barua na programu ya hesabu, akapanga kibodi, tarehe, printa, na kila mara mashine ilipofungua mdomo kuuliza, alikuwa ameshaijibu. Mwisho skrini iliandika neno moja dogo katikati: KARIBU. Kompyuta iliyokuwa ikila siku mbili za dizeli sasa ilikuwa tayari kabla jenereta haijazimwa mchana. Na zote, kuanzia Bweranyange mpaka mpakani Murongo, zilikuwa sawa. Hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote. Msichana wa Kaisho akihamishiwa Nkwenda, Fundi alisema, akae tu aandike, asiulize kitu.

Swali moja lilimsumbua kwa muda. Kabla ya kufuta, mashine huuliza kama una hakika, na swali hilo lilikataa kujibiwa na disketi. Lilitaka mtu. Fundi alipambana nalo mpaka akagundua namna ya kuisukumia mashine herufi ya ndiyo kabla haijamaliza kuuliza. Siku hiyo alinunulia ofisi nzima chapati.

"Fundi, kwa hiyo sasa mshahara wako ni wa kukaa?" mama alimtania, mdomo umejaa.

"Ni wa maswali ambayo hutaulizwa."

Alikuwa Mwislamu wa swala zote tano, na sijawahi kumwona akikosa matanga ya Mkristo. Watu wa mjini walikwenda kuzika wakarudi dukani. Yeye alibaki. Alivua viatu, akakaa kwenye nyasi zilizotandikwa ndani ya nyumba ya msiba pamoja na wafiwa, siku zote, mpaka nyasi zilipofagiliwa nje. Hakuongea. Mtu aliyechoka kulia aliegemea bega lake kama anavyoegemea nguzo.

Alikuwa pia na jambo ambalo watu walimcheka nalo miaka ya baadaye. Disketi yake ilifanya kazi peke yake, na hilo alijivunia, lakini miaka hiyo hakuiacha peke yake hata mara moja. Mwenyeji akishaanza, Fundi hakutoka chumbani. Hakwenda chooni, hakwenda kunywa chai, na wakati wa swala alitandika mkeka pale pale mbele ya skrini. Na kulikuwa na mzaha mwingine uliozunguka ofisi zote, kwamba mashine za Fundi zimezeeka zimeanza kubisha hodi. Niliusikia mzaha huo mara nyingi. Nilikuwa ninaishi na Bibi wakati huo, na habari za kompyuta sikuzitaka.

Mama aliugua kwa vipindi, kama wengine. Akipata nafuu alirudi kazini, amejifunga khanga tumboni ili sketi isidondoke. Wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki mezani akiandika. Jioni moja, akinisuka, aliniambia, "Koku, nimekuandikia."

"Nini?"

"Maneno yako. Mengi. Yako ofisini kwenye mashine yangu. Utepe wa printa umeisha, tunausubiri kutoka Bukoba. Ukitaka, Fundi atakutolea."

"Mimi sijui kusoma vizuri."

"Utajua. Inamisha kichwa."

Nilikuwa darasa la pili. Utepe ulichelewa. Mama alifariki asubuhi, akazikwa kesho yake kwenye migomba ya Bibi, Ihanda.

Nyumba ikatandikwa nyasi. Kwetu, siku za matanga hakuna anayeshika jembe, wa nyumba hiyo wala jirani. Ukisikia jembe likigonga jiwe siku hizo, unajua kuna mtu amewatukana wafiwa. Ofisi ya mradi nayo ilifungwa. Lakini katibu mpya alikuwa ameshapatikana, wageni wa wafadhili walikuwa njiani, na meneja alimfuata Fundi pale msibani akamnong'oneza kwamba mashine ya marehemu iandaliwe upya.

Fundi alikataa. Alisema hawezi kufanya kazi nyasi za msiba zikiwa hazijafagiliwa. Meneja akamjibu kwamba siyo yeye anayefanya kazi, ni disketi. Hayo nimeyapata kwa mlinzi wa ofisi, aliyekuwa amekaa karibu yao. Fundi alifikiri, akaona ni kweli. Akampakia mlinzi huyo nyuma ya baiskeli mpaka Kayanga, akawasha jenereta, akachomeka Mwenyeji, akaiwasha mashine ya mama, akamwachia mlinzi kazi ya kuzima. Hakubonyeza herufi hata moja. Akarudi Ihanda, akavua viatu, akakaa kwenye nyasi karibu nami, akanipa akamwani. Nakumbuka uchungu wake mdomoni. Wakati mimi ninatafuna, Mwenyeji alikuwa anafuta.

Nyasi zilipofagiliwa, Bibi alinishika mkono tukaenda ofisini. Nilivaa gauni la Jumapili. Bibi hakujua kompyuta ni nini. Alijua kwamba mwanawe aliacha kitu na tumekwenda kukichukua.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema.

"Marahaba. Tumefuata maneno ya mtoto."

"Maneno gani?"

"Mama yake aliyaacha humo." Bibi aliinyoshea mashine kidevu. "Alisema wewe utayatoa."

Fundi aliiwasha mashine. Ikanguruma, skrini ikaangaza, na katikati yake pakatokea neno moja dogo. Niliweza kulisoma. Nililisoma kwa sauti, KA-RI-BU, nikadhani limeandikwa na mama.

Fundi alibonyeza hiki na kile kwa muda mrefu. Najua sasa kwamba alijua tangu mwanzo, na alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Hayamo," alisema.

"Yamekwenda wapi?"

"Yamefutwa."

"Nani kayafuta?"

"Disketi, mama."

"Ina mikono?"

Fundi akaondoa mikono yake kwenye kibodi.

"Lini?" Bibi aliuliza.

"Siku ile tumekaa kwenye nyasi."

"Waitu, jamani. Kwa hiyo ulifanya kazi kwenye matanga ya mwanangu."

"Sikufanya kazi, mama. Ilijifanyia yenyewe. Mimi nilikuwa nanyi, uliniona."

"Nilikuona," Bibi alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuona umekaa. Jembe lako lilikuwa linalima."

Sikulia. Nilitazama kovu la kidole gumba cha Fundi, na nilifikiri kwamba ngozi ya pale lazima haisikii kitu, na kwamba ni vizuri. Njiani kurudi Bibi alininunulia andazi. Nililila lote. Watu waliniambia mimi ni mtoto jasiri, na kwa miaka mingi baadaye nikaendelea kuwa jasiri hivyo hivyo, kwenye mitihani, kwenye harusi za rafiki zangu, kila mahali.

Fundi alijifungia na mashine ile. Kuna namna za kurudisha vilivyofutwa, lakini Mwenyeji alikuwa ameshapanga vitu vipya juu ya vile vya zamani. Siku moja alikuja Ihanda, akasimama uani, akamwambia Bibi, "Nimeshindwa." Hakujitetea tena, wakati ule wala baadaye. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya.

Kisha akawa anakuja kila msimu wa kuvuna kahawa. Alisema amekuja kuangalia redio. Redio ya Bibi haikuwa mbovu. Bibi alimpa kwa kuipitisha juu ya kizingiti, bila kumkaribisha ndani, na yeye alikaa kwenye gogo pale nje akaifungua, akaifuta vumbi, akaifunga. Miaka ikapita hivyo. Mwaka mmoja Bibi alimtolea akamwani kwenye kikapu kidogo cha wageni. Fundi alizipokea kwa mikono miwili, akazitia mfukoni. Hakuzitafuna. Niliwahi kumwambia Bibi kwamba Fundi hatafuni buni zake. Bibi alisema, "Niliona," na hapo habari ikaishia.

Bibi alipofariki, Fundi alikuja akakaa kwenye nyasi mpaka mwisho. Alikuwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo. Niliiona ikisimama mkononi mwake siku ya pili, na hakuitia ufunguo mpaka tulipofagia nyasi.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo cha uhazili, nimepata kazi katika ofisi ya shule moja huko Bweranyange. Sikuchagua kazi ya mama. Ilikuwa kazi iliyokuwapo. Shule ilinunua kompyuta mpya kutoka Mwanza, mpya kabisa, ndani ya boksi lake, na mkuu wa shule akaniambia, "Mfuate Fundi wa Kayanga. Yule wa hodi."

Alikuja akiwa amebeba mfuko wa plastiki kifuani. Miwani yake ilifungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Mabega yalikuwa yamezidi kuinama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Koku." Akanipa buni. Nilitafuna. Yeye hakutafuna.

Tuliitoa mashine kwenye boksi, tukaunganisha nyaya. Akatoa disketi mfukoni. Haikuwa ile ya zamani, lakini juu yake alikuwa ameandika jina lile lile. Aliichomeka, akawasha, akavuta kiti chake kando ili mimi nikae mbele.

Skrini iliandika:

HODI.
KUNA MTU HUMU?
N KAMA NDIYO. H KAMA HAPANA.

Ikanyamaza. Nilisubiri Mwenyeji ajibu, kama nilivyomkumbuka. Hakuna kilichotokea. Herufi zilibaki pale, na chini yao kijistari kikiwaka na kuzima.

"Imekwama?" niliuliza.

"Haijakwama. Inauliza."

"Lakini hii ni mpya, Fundi. Tumeitoa kwenye boksi sasa hivi."

"Najua."

"Na ofisi zote unaweka hivi?"

"Zote. Hata za wanaonicheka." Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya shati. "Mengine yote yanajibiwa humo ndani. Hili nimeliachia mtu."

Tulikaa. Nje wanafunzi walikuwa wanafyeka uwanja. Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kwa siku ambayo Fundi angeniomba radhi, na nilikuwa na jibu, jibu zuri, baridi. Hakuniomba radhi. Alisema, akiwa anatazama skrini:

"Aliniuliza namna ya kukuza herufi."

"Nani?"

"Mama yako. Mchana mmoja, watu wamekwenda kula. Alisema hizi ni ndogo, anataka zikitoka kwenye printa azisome hata mtu anayeanza kusoma. Nikamwonyesha. Akazikuza, akasema bado, nikamwonyesha tena, mpaka zikawa kubwa mno, mstari mmoja maneno mawili. Akafurahi." Akavaa miwani. "Sikumuuliza ni za nani. Ningemuuliza angeniambia. Mimi sikuwa mtu wa kuuliza."

Hicho ndicho nilichopata katika maneno ya mama. Si neno hata moja. Ukubwa wake tu. Nilijaribu kuona ukurasa wenye maneno mawili kwa mstari, kurasa nyingi, na mtoto wa darasa la pili anayeweza kuzisoma bila msaada wa mtu. Kitu fulani kilisogea kifuani, kidogo, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kupata damu. Halafu kikatulia.

"Jibu," Fundi alisema. "Haitaendelea."

Kidole changu kilikuwa juu ya N. Nilikiacha pale kwa muda. Fundi alikiona, hakunihimiza. Kisha nikakisogeza nikabonyeza H.

Mwenyeji akaanza. Disketi ikakwaruza, taa ndogo ikawaka, na mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, mashine ikiuliza na kujibiwa, ikiuliza na kujibiwa.

"Fundi, nenda nje upate hewa," nilimwambia. "Itamaliza yenyewe."

"Najua itamaliza."

Hakuondoka. Nami sikuondoka. Wanafunzi walimaliza kufyeka, kengele ikalia, mkuu wa shule akachungulia mlangoni akaona watu wawili wamekaa kimya mbele ya mashine, akarudi zake.

Mwishowe mistari ikasimama na skrini ikawa nyeusi. Kisha neno likatokea, lile lile la zamani. Lakini Fundi alikuwa amelijenga upya kwa nyota nyingi ndogo zilizopangwa moja moja, herufi zake ndefu kuanzia juu mpaka chini ya kioo, kubwa mno.

Nililisoma kwa sauti.